Datblygu: bendi iliyoisema Wales vibaya kwa Kiwelisi

Timu ya taifa ya Wales ilipokwenda Qatar mwaka 2022 kucheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1958, wimbo wake rasmi ulikuwa "Yma o Hyd" wa Dafydd Iwan. Ni wimbo wa Kiwelisi wa mwaka 1983 unaohusu taifa dogo lililogoma kufa. Mwaka huohuo Adwaith, wanawake watatu kutoka Carmarthen wanaopiga muziki wa baada ya panki (roki iliyofuata ile ya kelele ya miaka ya 1970) kwa Kiwelisi, walitwaa Tuzo ya Muziki ya Wales kwa mara ya pili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yao. Miaka miwili baadaye marapa wa Kneecap kutoka Belfast wakaingia kwenye majumba ya sinema na filamu ambayo sehemu yake kubwa inazungumzwa kwa Kiayalandi. Tangu hapo baadhi ya wachambuzi wa muziki barani Ulaya wamekuwa wakirudia hukumu ileile: zama za lugha ndogo zimefika, watu wameanza tena kuona fahari kwa lugha za mababu, na majukwaa ya muziki ya mtandaoni yamebomoa ukuta uliojengwa na Kiingereza.

Nadhani hukumu hiyo inatazama mahali pasipo. Kwa upande wa Wales, kilichofungua njia kilianza miaka arobaini iliyopita, kabla ya intaneti, na wala hakikuwa fahari. Kilikuwa karaha. Kijana mmoja wa mji mdogo wa Aberteifi, ambao Waingereza huuita Cardigan, alichukua lugha iliyokuwa ikilindwa kama mgonjwa mahututi akaitumia kuwasema wale wale waliokuwa wakiilinda. Kijana huyo ni David R. Edwards, na bendi yake ni Datblygu. Nje ya Wales ni wachache wanaoijua. Ndani ya Wales sasa inatajwa kwa heshima kubwa, nami nahofia kwamba heshima hiyo imeanza kuficha kile ambacho bendi yenyewe ilikifanya.

Tuanze na hali ya nchi. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibu nusu ya watu wa Wales walizungumza Kiwelisi. Kufikia sensa ya 1981 walikuwa wamebaki takriban asilimia 19, watu nusu milioni hivi. Tarehe 1 Machi 1979, siku ya mtakatifu mlinzi wa nchi hiyo, Wawelisi walipiga kura kuamua kama wawe na bunge lao. Wanne katika kila watano waliopiga kura walilikataa. Miezi miwili baadaye Margaret Thatcher akaingia madarakani. Serikali yake ilikuwa imeahidi kituo cha televisheni cha Kiwelisi, ikajaribu kurudi nyuma, na mwanasiasa Gwynfor Evans akatangaza kwamba atafunga kula hadi afe. Serikali ikasalimu amri. Kituo hicho, S4C, kilianza kurusha matangazo Novemba 1982, na mwaka huohuo Edwards na mwenzake T. Wyn Davies, wakiwa bado vijana wa shule, wakaanzisha Datblygu.

Mkutano wa mambo hayo mawili katika mwaka mmoja ni bahati tu, lakini unaeleza mengi. Muziki wa Kiwelisi wakati ule ulikuwa na kazi ya kufanya. Dafydd Iwan na wenzake, kupitia lebo ya Sain iliyoanzishwa mwaka 1969, walikuwa wameujenga kama tawi la harakati za kuitetea lugha: nyimbo za kudai alama za barabarani za Kiwelisi, nyimbo za kuwatia moyo waliofungwa, nyimbo za kukumbuka wafalme wa kale. Waliozikataa nyimbo hizo mara nyingi waliishia kuiga pop ya London na kuipachika maneno ya Kiwelisi. Wimbo wa Kiwelisi ulitakiwa ama kuitetea lugha ama kuthibitisha kwamba lugha hiyo nayo inaweza kufanya kama wengine. Mtu aliyetaka kusema kwamba amechoka, amelewa, hana kazi, na jirani zake wanamkera, hakuwa na muziki wa kumtosha.

Panki ya 1976 na 1977 iliwafundisha vijana wa Uingereza kwamba hawahitaji ruhusa ya mtu kupanda jukwaani. Waliofuata baada yake waliishika imani hiyo lakini wakayatupa magitaa ya kelele. Besi ikaja mbele, mashine za bei rahisi zikashika mdundo, na sauti ya mwimbaji ikawa nusu wimbo, nusu mazungumzo. Datblygu walianzia hapo. Walijirekodi wenyewe wakatoa kaseti kadhaa kati ya 1982 na 1984. Patricia Morgan, mpiga vyombo hodari, akajiunga nao, na baadaye bendi ikawa kimsingi ni yeye na Edwards. Mwaka 1985 walikuwamo katika mkusanyiko "Cam o'r Tywyllwch" wa lebo ya Anhrefn ya Rhys Mwyn, kisha zikafuata albamu tatu ambazo ndizo msingi wa jina lao: "Wyau" mwaka 1988, "Pyst" mwaka 1990 na "Libertino" mwaka 1993.

Msikilizaji asiyejua neno hata moja la Kiwelisi bado anapata kitu humo. Kinanda chepesi cha Morgan kinacheza kwa furaha ya kitoto huku Edwards akizungumza juu yake kwa sauti ya mtu aliyekaa kituo cha basi akijua basi halitakuja. Waandishi wa Kiingereza wamezoea kumlinganisha na Mark E. Smith wa The Fall, bendi ya Kiingereza ya baada ya panki, na kufanana kupo kwenye ukali na kwenye tabia ya kuzungumza badala ya kuimba. Lakini Smith alikuwa akiwasema majirani wenye lugha ya mamia ya mamilioni ya watu. Edwards alikuwa akiwasema watu ambao karibu wote wangeweza kukutana naye kwenye uwanja mmoja wiki ya kwanza ya Agosti.

Uwanja huo upo kweli. Eisteddfod ya Taifa, tamasha kuu la mashairi na muziki, huhama kila mwaka kati ya kaskazini na kusini mwa nchi, na kwa kanuni yake lugha ya jukwaani ni Kiwelisi. Kwa wengi ndilo moyo wa taifa. Datblygu walitoa wimbo kuhusu uwanja huo, "Maes E", wenye kila kitu isipokuwa unyenyekevu. Katika "Cân i Gymry", kichwa kinachocheza na jina la shindano la nyimbo la televisheni, Edwards aliwaelekezea kidole watu wa tabaka la kati wenye ajira nzuri ambao kwao Kiwelisi kilikuwa kimegeuka cheti cha kupandia ngazi. Katika wimbo mwingine alisema kuishi Wales ni sawasawa na kukaa ukitazama rangi ya ukutani ikikauka. Na kwenye "Wyau" mna wimbo wenye jina la Dafydd Iwan mwenyewe, akiwa kwenye mvua. Huyo ndiye mzee ambaye miaka thelathini na minne baadaye angewaongoza mashabiki wa soka kuimba.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Lugha iliyo hatarini hutunzwa na watu wema, na watu wema huiwekea masharti bila kukusudia: itumike vizuri, kwa mambo ya maana, mbele ya watu wenye adabu. Kijana anayekua ndani yake anajifunza haraka kwamba hasira zake, matusi yake, uchovu wake na tamaa zake vinakaa vizuri zaidi kwenye ile lugha nyingine. Anamsalimia bibi yake kwa Kiwelisi, na akiachwa na mpenzi analia kwa Kiingereza. Edwards alikataa mgawanyo huo. Alichukua ukosefu wa kazi, ulevi, chuki ya nafsi na mapenzi yaliyovunjika akavitia vyote katika Kiwelisi cha kusini-magharibi, bila kuomba radhi na bila kumtafsiria mtu. Alipomaliza, hakuna kijana wa Wales aliyeweza kudai tena kwamba lugha yake haina nafasi kwa maisha yake.

Ushahidi unaonekana kwenye mnyororo wa watu. "Pyst" ilitolewa na Ofn, lebo ya Gorwel Owen wa kisiwa cha Ynys Môn. Owen huyohuyo ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa "Fuzzy Logic" na "Radiator", albamu zilizoipa umaarufu bendi ya Wales ya Super Furry Animals kote Uingereza katikati ya miaka ya 1990. "Libertino" ilitoka Ankst, lebo iliyoanzishwa na wanafunzi wa Aberystwyth mwaka 1988, na lebo hiyo ndiyo iliyotoa kazi za mwanzo za Super Furry Animals na za Gorky's Zygotic Mynci. Mwaka 2000 Super Furry Animals walitoa "Mwng", albamu nzima ya Kiwelisi, ikafika nafasi ya 11 kwenye chati ya Uingereza na kutajwa hadi katika Bunge la London. Miongoni mwa nyimbo zake ni "Y Teimlad", wimbo wa Datblygu wa miaka ya 1980. Bendi iliyokuwa maarufu kuliko zote kati ya zilizojua Kiwelisi ilipotaka kuonyesha ilikotoka, ilimwonyesha Edwards. Leo Adwaith wanatoa kazi zao kupitia lebo ya Carmarthen inayoitwa Libertino.

Kuna hoja tatu dhidi ya mtazamo huu, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni nzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa: bila taasisi alizozikejeli, Edwards asingesikika. S4C ilikuwa na kipindi cha "Fideo 9" kilicholipia video za bendi changa, na Datblygu walikuwa miongoni mwa walionufaika. Radio Cymru, redio ya BBC ya Kiwelisi iliyoanza mwaka 1977, iliwapa wasanii wa Kiwelisi mirabaha ambayo soko lisingewapa kamwe. Hata John Peel, mtangazaji wa Radio 1 ya BBC aliyewaalika studio mara kadhaa kati ya 1987 na 1993, alilipwa na shirika la umma. Kwa hiyo anayesema kwamba panki ilijijenga yenyewe kwa kaseti na ukaidi anatuuzia hekaya. Nafikiri lakini hoja hiyo inathibitisha zaidi ya inavyokusudia. Fedha za umma zilizaa matunda mazuri pale zilipomfikia mtu ambaye hakuwa na nia ya kuzishukuru.

Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi na watu waliokuwa ndani ya harakati zenyewe. Wanasema taifa lenye maadui wengi halina anasa ya kuanika siri zake uani. Waliolikataa bunge la Wales mwaka 1979 walipenda sana kudai kwamba wazungumzaji wa Kiwelisi ni kikundi cha wateule kinachojipendelea, sasa mshairi wao anakuja kusema jambo linalofanana na hilo. Nawaelewa. Ila maneno ya Edwards yalisemwa kwa lugha ambayo mahasimu hao hawakuielewa. Yalikuwa ugomvi wa nyumbani uliofanyika nyumbani, na waliochukia ni waliohusika. Ukitaka kuona tofauti, linganisha na Mwelisi anayeandika makala ya Kiingereza kwa gazeti la London akiwacheka wenzake. Huyo ana hadhira nyingine.

Ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo inayosikika zaidi, hasa tangu Edwards afariki Juni 2021 akiwa na umri wa miaka 56 na tanzia zake kuandikwa hadi kwenye magazeti ya London. Inasema hivi: laiti wangeimba Kiingereza, leo Datblygu wangetajwa pamoja na The Fall na Joy Division, walipotezwa na lugha yao, na sasa intaneti inawarudishia haki yao.

Nusu ya kwanza haisimami hata kidogo. Uingereza ya miaka ile ilijaa bendi za miji midogo na mikubwa zilizoimba Kiingereza safi na kusahaulika. The Sound wa London na The Comsat Angels wa Sheffield walisifiwa na wakosoaji, wakawa na kampuni kubwa nyuma yao, na bado wamebaki majina ya wakusanyaji wa santuri. Huko huko Wales, Young Marble Giants wa Cardiff waliimba Kiingereza, wakatoa albamu moja mwaka 1980, wakavunjika. Sifa zao zilikua miaka mingi baadaye. Kiingereza hakimhakikishii mtu chochote ila foleni ndefu zaidi. Zaidi ya hayo, Edwards mwenye Kiingereza angekuwa na nini cha kusema? Kejeli ya uwanja wa Eisteddfod haina msikilizaji huko Birmingham. Ukiondoa lugha, unabaki na kijana mwenye hasira na mashine ya mdundo, na mwaka 1985 hao walikuwa hawahesabiki. Alipata kusikilizwa na Peel akiwa na Kiwelisi chake, na watu wasioelewa neno wakamsikiliza.

Nusu ya pili, ile ya intaneti, inahitaji kutazamwa kwa jicho la fedha. Mwaka 2007 chama cha Uingereza kinachokusanya mirabaha kilibadili namna ya kukokotoa malipo, na kipato cha watunzi wa Kiwelisi kikaporomoka vibaya. Mwishowe mamia yao wakajitoa na kuunda chama chao, Eos. Januari 2013 nyimbo zao zikatoweka Radio Cymru kwa wiki kadhaa kwa sababu hapakuwa na makubaliano ya bei. Kituo cha redio cha lugha hiyo kilibaki kikitafuta cha kupiga. Hilo lilitokea wakati majukwaa ya mtandaoni tayari yanasifiwa kwa kuikomboa dunia. Muziki wa lugha yenye wazungumzaji nusu milioni hauishi kwa senti za kila usikilizaji. Unaishi kwa redio ya umma, kwa lebo za watu watatu na kwa maonyesho ya kumbi ndogo. Mtandao unamsaidia msikilizaji wa Tokyo aipate "Libertino". Bili ya umeme ya Ankst haikuwahi kulipwa na msikilizaji huyo.

Nikiri kwamba kuna hatari nyingine upande wangu wa hoja, ya kumgeuza Edwards kuwa shahidi, mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya sanaa. Bendi ilinyamaza katikati ya miaka ya 1990. Yeye aliugua kwa miaka mingi, akili na pombe vikimwelemea, akalazwa. Alirudi: wimbo mmoja mwaka 2008, kisha kazi kadhaa pamoja na Morgan kuanzia 2012 hadi albamu ya "Cwm Gwagle" mwaka 2020. Wapo wanaosimulia ugonjwa ule kama bei ya sanaa, na simulizi hiyo huuzika. Mimi naiona ni uvivu. Nyimbo nzuri alizitunga licha ya kuumwa, na Patricia Morgan, ambaye hakuanguka, ana nusu ya sifa anayostahili kwa sababu tu maisha yake hayana hadithi ya kuhuzunisha.

Mtu atauliza haya yana uhusiano gani na sisi. Sitaki kulazimisha. Kiswahili hakiko katika hali ya Kiwelisi; kina makumi ya mamilioni ya wazungumzaji, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi hutukanana, hutongozana na kufoka kwa Kiswahili kila siku bila kusubiri idhini ya mtu. Mwenye kuona mfano huu ni wake ni msemaji wa lugha nyingine nyingi zilizo pembeni mwa Kiswahili chenyewe, zile zinazobaki na matambiko, harusi na nyimbo za kumsifu Mungu, huku soko na mapenzi vikihamia kwingine.

Turudi Wales, kwa sababu huko mambo hayako shwari kama shangwe za Qatar zinavyodokeza. Serikali ya Wales ilizindua mwaka 2017 mkakati wenye lengo la kufikia wazungumzaji milioni moja ifikapo 2050. Sensa ya 2021, iliyofanyika mwaka mmoja tu kabla ya uwanja mzima kuimba "Yma o Hyd", ilikuta watu 538,000, asilimia 17.8, pungufu kuliko 2011, na upungufu mkubwa ukawa kwa watoto. Fahari ilikuwa juu na idadi ilikuwa ikishuka. Kama nadharia ya fahari ingekuwa sahihi, mistari hiyo miwili isingeachana namna hiyo. Inaachana kwa sababu mtu anaweza kuimba kiitikio cha Dafydd Iwan kwa machozi na kisha kurudi nyumbani akagombana na mkewe kwa Kiingereza.

Hapo ndipo watunga sera wangepaswa kuisoma Datblygu upya, na wasiisome kama kumbukumbu ya kuwekwa kwenye kabati la vioo. Shule zinaweza kuzalisha watu wanaoweza kuzungumza. Kuzungumza kwenyewe kunahitaji mahali ambapo lugha haipewi alama. Kamati ya ruzuku inayouliza kila mwombaji mradi wake utaikuza vipi lugha ingelikataa ombi la Edwards kwenye ukurasa wa kwanza, na ingekuwa na haki kwa mujibu wa fomu yake. Fomu hiyo ingeweza kubadilishwa. Sehemu ya fedha ingeweza kutolewa kwa wanaotumia Kiwelisi kusema lolote, pamoja na kusema kwamba Kiwelisi kinawachosha, bila kudaiwa ripoti ya mafanikio. Adwaith hawaimbi kuhusu lugha. Wanaimba kuhusu kuwa wanawake vijana katika mji mdogo wa magharibi ya Wales, mwendo mfupi kwa gari kutoka Aberteifi, na nyimbo chache sana kati ya hizo zingetosha kujibu swali la kwanza la fomu.